Mafundi wa Kilwa na Lindi, chagueni pateni kwa mnunuzi, si kwa picha

Kila inapokaribia sikukuu ya Pasaka, mafundi cherehani wa pwani ya kusini, kuanzia Somanga, Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko hadi Mchinga na Lindi mjini, hukabiliwa na swali lilelile: washone nini kitakachouzika haraka? Nguo za watoto ndizo zinazoongoza, na hilo halina ubishi. Lakini wapo akinamama, hasa walio katika vikundi vya kuweka na kukopa, wanaotaka kujaribu wanyama wa vitambaa: midoli ya sungura, kondoo na vifaranga. Sababu yao ni nzuri. Mdoli hutumia mabaki ya vitambaa ambayo vinginevyo yangeishia jalalani, na mtaji wake ni mdogo kuliko wa gauni.

Ninaunga mkono biashara hiyo. Hata hivyo, maoni yangu ni kwamba wengi wanaoingia humo huharibikiwa katika hatua ya kwanza kabisa, kabla hata ya kuweka uzi katika sindano. Hatua hiyo ni kuchagua pateni, yaani ule mchoro wa karatasi unaowekwa juu ya kitambaa ili kukatia. Siku hizi simu ya mkononi imeifanya kazi hiyo ionekane rahisi. Mtu anatafuta kwa dakika mbili na kuletewa mamia ya michoro ya bure, kila mmoja na picha yake ya sungura mnene aliyekumbatia kikapu cha mayai. Picha inavutia, mchoro unachapishwa, kitambaa kinanunuliwa, na fedha za kikundi zinaingia kazini. Pasaka ikipita, sungura waliobaki wanakaa kwenye mfuko wa sandarusi wakisubiri mwaka mzima. Kwa mkulima au mchuuzi mdogo, mtaji uliolala mwaka mzima si jambo dogo. Huo ndio mtaji ambao ungenunua mbegu, dawa ya mikorosho au sare za shule.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kuuliza mchoro upi ni mzuri, uliza kwanza nani atanunua, atanunua lini, na mabaki uliyonayo yanaweza kutoa mnyama wa aina gani.

Pasaka ya kwetu si ya kwenye picha

Sungura wa Pasaka ni desturi iliyoanzia katika nchi za Wajerumani karne nyingi zilizopita. Walowezi wa Kijerumani waliivusha kwenda Marekani katika karne ya 18, na kutoka huko imesambazwa na kadi, chokoleti na sinema. Watoto wa huko huambiwa kwamba sungura ndiye anayeleta mayai usiku, ndiyo maana mdoli wa sungura mwenye kikapu una maana kwao.

Kwetu Pasaka ni ibada, nguo mpya, pilau na matembezi ya ufukweni. Mzazi wa Lindi mjini, Nachingwea au Dar es Salaam anayemnunulia mtoto mdoli wakati wa Pasaka anatafuta zawadi, na hajali kama sungura ana yai au hana. Tena yai lile lililoshonwa tumboni ndilo linalomharibia muuzaji soko. Jumanne baada ya Pasaka, sungura mwenye yai ni bidhaa iliyopitwa na wakati, lakini sungura asiye na yai bado ni sungura na anaweza kuuzwa hadi Krismasi. Kama ni lazima kuwe na alama ya sikukuu, basi iwe utepe wa kufunga shingoni unaoweza kufunguliwa.

Jambo la pili ni kwamba wakazi wengi wa ukanda huu ni Waislamu, na msimu mkubwa wa kununulia watoto ni Idi. Hapa kalenda inatusaidia. Mwaka 2024 Pasaka ilikuwa Machi 31 na Idi el-Fitri ikafuata Aprili 10. Mwaka 2025 Idi ilitangulia, Machi 31, na Pasaka ikawa Aprili 20. Mwaka 2027 Pasaka ni Machi 28, na Idi inatazamiwa karibu na Machi 10 kutegemea mwandamo wa mwezi. Maana yake ni kwamba kwa miaka hii sikukuu hizi mbili zimekaribiana, na fundi mwenye mdoli usiofungwa na sikukuu moja anauza mara mbili kwa shehena ileile. Lakini nafasi hiyo haitadumu, kwa kuwa Idi hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka. Mwaka 2028 inatazamiwa kuangukia mwishoni mwa Februari wakati Pasaka ni Aprili 16. Anayetaka kuitumia nafasi hii aitumie sasa.

Hapa pana jambo la kuangalia kwa heshima. Baadhi ya familia za Kiislamu hazipendi kumpa mtoto mdoli wenye sura kamili. Wanazuoni wana maelezo yao juu ya hilo, na ukurasa wa biashara si mahali pa kuyaamua. Kibiashara, fundi mwenye busara atachagua pateni ambayo mnyama wake anatambulika kwa umbo lake, hata asipotiwa macho wala mdomo. Samaki anatambulika kwa mkia. Sungura anatambulika kwa masikio. Ukiwa na umbo la namna hiyo, unaweza kushona wenye macho na wasio na macho kwa mchoro mmoja, na kila mteja akachagua anachotaka.

Usishindane na dubu wa mitumba

Wapo watakaosema kwamba watoto wanapenda dubu, na kwamba dubu ndiye anayetafutwa. Ni kweli dubu anapendwa. Lakini dubu wa manyoya anakuja katika marobota ya mitumba, ameshonwa kiwandani kwa kitambaa ambacho duka la Kilwa Masoko halina, na anauzwa kwa bei ambayo fundi wa mkono hawezi kuifikia bila kujipunja. Ukishona dubu wa kitenge na kumweka pembeni ya yule wa mtumba, mteja atalinganisha manyoya na bei, na katika yote mawili utashindwa.

Dawa ni kushona kile ambacho robota halileti. Robota halileti mnyama wa bahari ya Kilwa wala mjusi mkubwa wa Tendaguru. Mnyama wa namna hiyo hana wa kulinganishwa naye sokoni, hivyo bei yake unaipanga wewe kwa kuangalia gharama na mfuko wa mteja.

Mfano wa karibu upo kwa jirani zetu. Njoro nchini Kenya, kikundi cha Kenana Knitters kilichoanza mwaka 1998 kinafuma wanyama kwa mkono kwa kutumia sufu ya kondoo, na bidhaa zake zinauzwa nje ya nchi. Wao wana kondoo, hivyo wametumia sufu. Sisi hatuna sufu, lakini tuna sufi, kanga, vitenge na wanyama ambao Njoro hawana.

Hesabu iko katika vipande

Kosa kubwa la pili katika kuchagua pateni ni kutohesabu vipande. Kwenye picha dubu na samaki wanaweza kuonekana sawa, lakini katika kazi wametofautiana sana. Dubu wa kawaida anaweza kuwa na vipande 14 au zaidi: pande mbili za kichwa, kipande cha katikati ya kichwa, masikio manne, mikono, miguu, nyayo na kiwiliwili. Kila kipande ni mkato, kila mkato ni mshono, na kila mshono ni muda.

Tuchukue hesabu ya mfano, na kila mmoja abadilishe tarakimu kwa bei za kwake. Tuseme dubu mmoja anachukua saa tatu, vifaa vyake ni Sh1,500 na anauzwa Sh5,000. Kwa saa sita fundi atashona dubu wawili na kubaki na Sh7,000. Sasa tuseme mnyama wa vipande sita anachukua saa moja, vifaa vyake ni Sh1,200 na anauzwa Sh4,000. Kwa saa zilezile sita atashona sita na kubaki na Sh16,800. Bei ya mdoli imeshuka, lakini malipo ya siku ya fundi yamezidi mara mbili. Mwanamke ambaye Januari hadi Machi bado anapalilia shamba hana saa za kupoteza kwenye nyayo za dubu.

Hesabu nyingine inayowaangusha wengi ni ya ukubwa. Fundi anaona mchoro wa sentimita 15, anaukuza hadi sentimita 30 na kupandisha bei mara mbili. Hiyo ni hasara. Urefu ukizidishwa mara mbili, kitambaa kinazidi mara nne, na kijazio kinazidi mara nane, kwa sababu mnyama ameongezeka urefu, upana na unene kwa pamoja. Kama mdogo alikula gramu 40 za sufi, mkubwa atakula gramu 320. Shona wawili wadogo na mkubwa mmoja wa majaribio, pima kila kitu, ndipo upange bei.

Ukubwa una uhusiano pia na mfuko wa mkulima. Fedha za korosho mkoani Lindi hupatikana zaidi mwishoni mwa mwaka, na za ufuta katikati ya mwaka. Machi na Aprili ni miezi ya mvua, chakula kinakaribia kwisha ghalani na fedha ni chache. Kwa mnunuzi wa kijijini msimu wa Pasaka unahitaji mdoli mdogo wa bei ndogo. Mkubwa apelekwe mjini, au asubiri msimu wa korosho.

Nguva, sungura au mjusi?

Nikiulizwa mnyama wa kuanza naye, jibu langu ni nguva. Bahari ya Rufiji, Mafia na Kilwa, yenye majani ambayo nguva hula, ndiyo sehemu ambayo mnyama huyo bado anaonekana Tanzania, ingawa ni adimu sana na anakabiliwa na hatari ya kutoweka. Kwa fundi, uzuri wake ni umbo. Hana miguu. Kiwiliwili pamoja na mkia ni vipande viwili, kulia na kushoto, na mapezi mawili ya mbele ni vipande vinne. Jumla ni sita. Ni mnene, hivyo hata anayejifunza atamgeuza na kumjaza bila taabu. Mkono wa mtoto unamshika vizuri, na mtu mzima akiuliza ni nini, muuzaji ana hadithi ya kueleza.

Wa pili ni sungura, na huyu ndiye wa kumpeleka kwenye soko la Pasaka. Tumwite kwa haki: sungura si mgeni kwetu. Kabla ya kadi za Ulaya, watoto wa pwani na bara walimjua kama mjanja wa ngano, yule anayewashinda simba na fisi kwa akili. Chagua pateni ya sungura huyo, aliyesimama na masikio juu, wala si yule wa kikapu. Masikio yakatwe pamoja na kichwa, si kushonwa mbali na kuunganishwa, na upana wake usipungue vidole viwili. Kisichoingia vidole viwili hakigeuki, na kikigeuzwa kwa nguvu kinachanika.

Wa tatu ni mjusi wa Tendaguru. Kilima cha Tendaguru kiko mkoani Lindi, kaskazini-magharibi ya Lindi mjini. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba hapo mifupa ya wanyama wa kale, na wenyeji waliibeba vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi. Mifupa hiyo ndiyo iliyosimamisha yule mjusi mwenye kimo cha zaidi ya meta 13 katika makumbusho ya Berlin. Mara kwa mara hujadiliwa kama arudishwe au anufaishe watu wa Lindi. Wakati mjadala ukiendelea, hakuna anayemzuia fundi wa Lindi kumshona mjusi huyo na kumuuza kwa mgeni, kwa shule au kwa mzazi.

Lakini huyu ni wa fundi aliyekwisha zoea. Shingo yake ndefu ndiyo mtihani. Ikiwa nyembamba mno italala, na mdoli utaonekana umekufa. Pateni nzuri huanza na shingo pana kwenye mabega na kupungua polepole, na kijazio hushindiliwa kwa kijiti kidogokidogo. Usitie waya ndani, kwa kuwa siku moja utatoka na kumchoma mtoto. Zingatia pia kwamba mjusi wa Tendaguru ana miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, hivyo mgongo wake unateremka kuelekea mkiani. Michoro mingi ya kwenye simu ina miguu sawa. Mgeni aliyemwona Berlin atagundua tofauti, na mtoto wake atagundua kabla yake.

Yupo wa nne, kwa anayependa kushona samaki. Mwaka 2003 wavuvi wa Songo Mnara, wilayani Kilwa, walivua silikanti, samaki wa kale ambaye wataalamu wa dunia waliamini ametoweka mamilioni ya miaka iliyopita hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Huyo wa Songo Mnara ndiye wa kwanza kuandikwa kutoka bahari ya Tanzania. Ni samaki mwenye mapezi manene kama miguu midogo, na mapezi manene ni rahisi kushona.

Msijaribu wote kwa msimu mmoja. Kikundi kichukue mnyama mmoja, kimshone hadi mkono wa kila mwanachama umzoee, ndipo kiongeze wa pili. Kampuni ya Steiff ya Ujerumani, ambayo jina lake linajulikana duniani kwa wanyama wa vitambaa, ilianza kwa pateni moja tu. Margarete Steiff alikuwa fundi cherehani wa mji mdogo wa Giengen, aliyepooza miguu kwa polio tangu utotoni. Mwaka 1879 aliona mchoro wa tembo katika jarida la mitindo, akamshona kwa vitambaa vizito vya sufu ili atumike kuchomekea sindano. Watoto wakamfanya mchezo. Dubu alikuja zaidi ya miaka 20 baadaye, wakati tembo na wenzake walikwisha ijengea kampuni jina.

Pateni ilingane na kitambaa na kijazio

Mchoro uliotengenezwa kwa kitambaa cha manyoya hautatoa matokeo yaleyale kwa kitenge. Kitenge na kanga hufumuka kingo, hivyo acha sentimita moja nje ya mshono, si nusu. Fulana za mitumba huvutika, na mnyama wa fulana akijazwa huvimba tumbo na kupoteza umbo. Ukitumia fulana, chagua mnyama mnene kama nguva, usichague sungura. Jinzi kuukuu haichakai haraka lakini haigeuki kwenye kona, hivyo inafaa umbo kubwa lisilo na pembe kali.

Angalia pia ukubwa wa maua ya kitambaa. Ua kubwa la kanga hupotea katika mdoli wa sentimita 15, lakini pindo la kanga linaweza kuwa tumbo zuri la samaki. Kata vipande kwa kufuata uelekeo wa nyuzi. Na kumbuka kuugeuza mchoro unapokata upande wa pili, la sivyo utajikuta na pande mbili za kulia zisizounganika.

Kwa kijazio, pwani yetu ina misufi, na sufi ni nyepesi na laini. Iondolewe mbegu zote, kwa kuwa zina mafuta na huvutia wadudu. Vumbi lake linasumbua kifua, hivyo anayejaza afunge kitambaa puani. Tena sufi hushika moto upesi, hivyo isijazwe karibu na koroboi wala jiko. Ijazwe siku za jua. Mdoli uliojazwa kwenye unyevu wa mvua utanuka kabla ya kufika sokoni. Mteja naye aambiwe aufute kwa kitambaa chenye maji, asiuloweke. Vipande vya nguo vilivyokatwakatwa vinafaa pia, ila hufanya mdoli uwe mzito na uchelewe kukauka.

Suala la usalama si la hiari. Mtoto chini ya miaka mitatu hutia kila kitu mdomoni, na kifungo kikilegea kinaweza kumkaba. Pateni inayotegemea vifungo, shanga au kengele ibadilishwe: macho yatariziwe kwa uzi. Kila mdoli uvutwe mikono, mapezi na masikio kwa nguvu kabla ya kuuzwa. Kinachong'oka mkononi mwako kingeng'oka kinywani mwa mtoto.

Mchoro wa mtu na jina lako

Si kila mchoro unaopatikana bure unaruhusiwa kufanyiwa biashara. Wengine huandika wazi kwamba ni kwa matumizi ya nyumbani tu. Wanyama wa sinema na katuni wana wenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwenye kazi. Hii ni sababu nyingine ya kuchora nguva au mjusi wako mwenyewe. Chora nusu ya umbo kwenye karatasi iliyokunjwa, shona mmoja kwa kitambaa chakavu, rekebisha, shona wa pili. Ukiridhika, hamishia mchoro kwenye boksi gumu na uandike juu ya kila kipande jina lake, idadi ya kukata na mshale wa uelekeo wa nyuzi. Boksi hilo ni mali ya kikundi, litunzwe kama daftari la hesabu.

Halafu weka jina. Mwaka 1904 kampuni ya Steiff ilianza kuweka kitufe cha chuma sikioni mwa kila mnyama ili watu watofautishe wake na wa kuiga. Sisi hatuhitaji kitufe. Kipande cha utepe kilichoandikwa kwa uzi jina la kikundi na neno Kilwa au Lindi kinatosha. Jina hilo lina uzito. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara zipo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 1981, na wachimbaji wa mambo ya kale walikuta Kilwa Kisiwani vigurudumu vya udongo vya kusokotea nyuzi. Watu wa hapa walitengeneza nguo karne nyingi kabla ya robota la kwanza la mitumba.

Kwa wanaotoa mafunzo na mikopo

Lawama zote zisiwaendee mafundi. Baadhi ya mafunzo ya ujasiriamali huwapa washiriki michoro kumi kwa siku mbili, wakapigwa picha na kuagwa. Afadhali mchoro mmoja kwa siku kumi, pamoja na hesabu ya gharama na jaribio la kuvuta mishono. SIDO na VETA wana nafasi ya kulisimamia hilo katika mkoa wetu.

Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi kinachoomba mkopo wa kushona midoli kiombwe kwanza sampuli tatu zilizokamilika, karatasi ya gharama na majina ya maduka yaliyokubali kuzipokea. Hilo litawaokoa wengi na madeni ya vitambaa vilivyokwama.

Mwisho ni suala la muda. Anayetegemea vifaa kutoka Dar es Salaam asisubiri Machi. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi katika wilaya ya Kilwa, na mizigo ikakwama. Uzi na sindano vinunuliwe mapema, sufi ikusanywe wakati wa kiangazi, mabaki ya vitambaa yaombwe kwa mafundi wa jirani tangu sasa. Sampuli ya kwanza ishonwe miezi mitatu kabla ya sikukuu, si wiki mbili.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Katika biashara hii haraka huanzia kwenye picha ya simu. Anayeanza na mnunuzi, akahesabu vipande na kupima sufi, atafika Pasaka akiwa na mdoli mmoja unaoeleweka, na Pasaka ikipita bado atakuwa na cha kuuza.